Nyayo Zilizopakwa Rangi

Kabla mtu hajasimama, yuko aliyemsimamisha. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, na kusoma hakukuniongezea ila swali: aliyenisimamisha alinitaka nisimame, au aliogopa nisije nikatembea?

Katika mji wetu asubuhi haitoki mashariki. Asubuhi ni mkono wa kwanza wa rangi, ule wa kijivu unaopakwa kila kitu bila kubagua, paa na mbuzi na uso wa mtu, ili rangi nyingine zipate pa kushika. Adhuhuri ni mkono wa pili. Uzee ni yale maji ya rangi nyeusi yanayomiminwa mwishoni, yakakimbilia kila mkunjo na kila ufa, yakatulia humo. Mtu akiamka akajitazama kwenye kioo huiona mistari kando ya macho, akasema kwamba miaka inakwenda. Haikwenda miaka. Ilipita brashi. Nami nilijua, kwa kuwa nilikuwa mmoja wa wanawake walioshika brashi hizo.

Ukumbi wa Vipimo ulikuwa katikati ya mji, na mji ulikuwa katikati ya Ukumbi. Jambo hili husikika kama fumbo, ilhali kwetu ilikuwa kazi tu. Ndani ya Ukumbi palikuwa na ubao mpana, na juu ya ubao ulijengwa mji wetu kwa plastiki, kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili: nyumba zetu, visima vyetu, kuta, kamba za kuanikia nguo, na sisi wenyewe, kila mtu kwa kimo cha pingili ya kidole gumba. Vitu vilikuja katika maboksi. Ndani ya boksi mlikuwa na fremu za plastiki, na vipande vimeshikamana na fremu kama ndizi zinavyoshikamana na mkungu: mlango, dirisha, mkono, bakuli. Tulikata kwa plaisi ndogo, tukasugua kovu la mkato kwa msasa, tukaunga, tukapaka. Na lolote tulilolifanya ubaoni, mji ulilitii. Tukipaka kutu kwenye bati la nyumba fulani, mvua iliyofuata ilivuja humo. Hakuna aliyetushangaa. Watu walituamkia kwa adabu iliyozidi kidogo, kama wanavyoamkiwa wakunga.

Wengi wetu tulitoka darasa la kisomo cha watu wazima, lililofanyika Ukumbini humohumo. Tulifundishwa herufi ili tuweze kusoma karatasi za maelekezo zilizokuja na maboksi. Neno la kwanza nililolisoma peke yangu maishani, bila mwalimu kunishika mkono, lilikuwa amri. Kata. La pili lilikuwa Kwangua. Likafuata Gundisha, kisha Ngoja. Nilikwenda nyumbani nikiyarudia kama mtu aliyefundishwa dua, nikayasoma kwenye kuta ambako hayakuandikwa, nikayasoma katika majani ya mpapai. Watu husema kusoma ni kufunguliwa macho. Huenda. Kwangu kulikuwa, kwanza kabisa, ni kuitambua sauti ya yule aliyekuwa akiniamuru siku zote.

Jirani yangu mezani alikuwa Bi Sikitu, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, ambaye hakukosa neno juu ya jambo lolote. Siku mwalimu alipotueleza maana ya moja kwa sabini na mbili, Bi Sikitu aliuliza hizo sabini na moja zinazobaki hupelekwa wapi, na kama mumewe hawezi kutiliwa chache, maana aliyeletewa yeye alikuja pungufu. Tulicheka mpaka kibano kikaniponyoka mkononi. Huyohuyo mumewe, Bi Sikitu aliwahi kumwongezea kitambi kwa puti, ule udongo laini wa kuzibia nyufa, na bwana yule akaja Ukumbini kulalamika kwamba mkanda wake umekataa kufunga. Mwalimu alijibu kwamba hizo sabini na moja haziendi popote, ni hesabu. Lakini swali lile halikunitoka. Mtu anapofanywa mdogo ili aenee mahali alipopangiwa, ile sehemu yake iliyokataa kuenea hukaa wapi? Hulia? Humtafuta mwenyewe? Nyakati nyingine, nikifua au nikichambua mchele, nilihisi kitu kikubwa kimesimama nyuma yangu kikiningoja nigeuke, na nilipogeuka hapakuwa na kitu ila ua.

Sina budi kueleza habari za gundi, kwa sababu mji mzima umesimama juu yake. Gundi ya plastiki si kama uji tunaobandikia karatasi. Haikai baina ya vitu viwili ikavishika. Ni maji mepesi, yenye harufu ya kuumiza kichwa, na inapogusa plastiki huiyeyusha. Unauweka mguu wa kisanamu juu ya ardhi, unagusisha ncha ya brashi, na kwa muda mfupi mguu si mguu na ardhi si ardhi. Vyote vimelegea, vimeingiliana, havijui mpaka wao. Kisha vinakauka. Kinachobaki si mguu uliobandikwa juu ya ardhi, ni kitu kimoja. Atakayetaka kuvitenganisha atavunja, na hatavunja pale vilipoungana. Atavunja kifundo cha mguu.

Na desturi yetu ilikuwa hii: mtoto hugundishwa na mama yake. Mkono mwingine hauruhusiwi. Boksi la mtaa likifika, kila mama humtafuta mwanawe kwenye fremu, humkata, humpaka, humsimamisha mahali pake. Baada ya hapo watu husema, ametulia. Hupikwa pilau, mama hupongezwa na mashoga zake, na baba, kama yuko, hujifanya ana shughuli nje ili asionekane macho yake. Aliyetulia hagandi kama jiwe. Huenda kisimani, sokoni, msibani, huoa, huolewa. Lakini miguu yake hujua mwisho. Hufika mahali, kwenye daraja au mwisho wa mashamba ya mihogo, ikasimama, na mwenyewe hadhani kwamba amezuiwa. Hudhani amekumbuka kitu nyumbani.

Mwanangu Kidawa alikuwa hajatulia. Boksi la mtaa wetu lilichelewa kuliko yote, na wenzake wa mitaa mingine walikwisha kupikiwa pilau zao zamani. Alikuwa mwanamke mzima, fundi viatu, mwenye mabega ya marehemu baba yake na kicheko ambacho hakikufanana na cha mtu yeyote wa ukoo. Alishona viatu vya soli nene, na wateja walimwambia kwa huruma kwamba soli zile zitadumu kuliko miguu, kwa kuwa mji wetu hauna umbali wa kuzimaliza. Alasiri alitoweka. Alikwenda mpaka ukingoni, kule ambako ubao unaisha, akarudi na vumbi lisilofanana na vumbi letu.

Siku moja tulikuwa tumekaa uani, ungo kati yetu, tukitoa mawe katika mchele. Akaniuliza kama niliwahi kuufikia ukingo.

"Nilikwenda, zamani," nikamjibu. "Nikakumbuka nimeacha maharage jikoni."

"Ulikuwa umeyaacha?"

Mkono wangu ulisimama juu ya ungo. Nilijaribu kuiona sufuria ile, nikaona jiko tupu, lililofagiliwa. "Sikumbuki kama siku hiyo tulipika maharage," nikasema.

Hakucheka. Aliniambia kwamba kule mwisho wa ubao kuna njia inayoteremka, kwamba alikwisha kuweka mguu mmoja juu yake, na ardhi ya huko haijapigwa msasa, inachoma. Alisema anataka kwenda. Hakutaka kutoroka: mtu asiyeagwa, alisema, huondoka nusu, na nusu yake hubaki ikizurura uani kwa mama yake. Alitaka nimuage kwa kinywa changu. Kisha akauliza lile nililokuwa nikiliogopa tangu siku alipotambaa: boksi likifika kabla hajaondoka, nitamgundisha?

Nikamwambia tule kwanza, wali hausubiri.

Nieleweke. Sikuwa na ukatili wala ujinga katika jibu langu. Kila mtu mjini alijua kwamba asiyesimama ubaoni hufutwa. Hapakiwi mlango, hapakiwi kivuli, hakuna anayelazimika kuitikia salamu yake. Mkono wa kwanza wa rangi unapopita, yeye haupati. Sasa mtu asiyepakwa asubuhi huamkaje? Na kama haamki, yuko wapi? Sikuwahi kusikia mama aliyekataa kumsimamisha mwanawe, na nilidhani nimeijua sababu: hakuna mama atakayechagua shaka akiwa na hakika mkononi. Mtoto aliyetulia unamwona. Unamwita, anaitika. Unaweza kumpelekea bakuli la mchuzi. Huo si upendo mdogo.

Kata. Kwangua. Gundisha. Ngoja. Je, nilizaa ili nitii karatasi? Je, karatasi haikunifundisha kusoma? Na mtu aliyefundishwa kusoma na bwana wake anaweza kusoma neno ambalo bwana hakuliandika?

Boksi lilifika.

Nilimtambua mwanangu kwenye fremu kabla sijavaa miwani. Alikuwa amelazwa baina ya gudulia na jani la mlango, mikono ikiwa kando, uso haujapakwa, rangi ya maziwa yaliyoganda. Mguu mmoja ulikuwa mbele ya mwingine. Wanawake wenzangu walikuwa wakiwatafuta watoto wao, wakiitana, wakipongezana kwa vigelegele vifupi. Nilimkata kwa plaisi, na nilipobana nikahisi uchungu kitovuni, palepale, kama kwamba kitovu chake kinakatwa tena. Nikalisugua kovu. Nikampaka mkono wa kijivu, nikamweka pembeni akauke, na nikajua kwamba kule nyumbani anapiga miayo sasa na kujinyoosha.

Kumpaka kulinichukua muda ambao siwezi kuupima. Nilipoweka rangi ya ngozi alikuwa mchanga, nikasikia harufu ya mafuta ya nazi niliyokuwa nikimkanda nayo. Nilipoweka kivuli chini ya mashavu alikuwa msichana, akinificha jambo. Brashi ilikuwa na unywele mmoja tu wa maana, ule wa katikati, na kwa unywele huo nilichora nyusi, na alipopata nyusi alinitazama kama anavyonitazama ninapomwongopea. Nikamtia weupe kidogo kwenye nywele, bila kukusudia, rangi ilikuwa imebaki kwenye brashi. Akawa bibi kizee, mkubwa kuliko mimi, na kwa dakika hiyo nilikuwa mtoto wake, na nilitamani aniambie la kufanya. Nilipangusa weupe ule haraka kwa tina, maji ya kuondolea rangi. Palepale nikahisi ubaridi wa tina juu ya shavu langu mwenyewe. Niligusa shavu. Lilikuwa limelowa. Ndipo nilipomwona mama yangu, si kwa macho, bali kama unavyomhisi mtu aliyeinama nyuma yako kukusahihisha: kanga yake, pumzi yake ya karafuu, mkono wake mkubwa kama wingu juu ya paa letu, ukiwa umeshika kibano. Alikuwa akinipaka. Alikuwa akinipaka kwa makini sana, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, kama wangu ulivyokuwa umetoka. Alinisimamisha kwa upendo. Sijawahi kulitilia shaka hilo. Na alikwangua vizuri, maana nimeshika.

Nilikuwa ndani na nilikuwa juu. Sijui ni lini mtu anaacha kuwa mtoto anayeinuliwa na kuwa mkono unaoinua. Katika karatasi za maelekezo hakuna hatua hiyo.

Sasa kuna kosa ambalo kila mwanafunzi hulifanya siku zake za mwanzo. Hupendezwa na rangi, akapaka kila mahali, hata zile sehemu zitakazoungana. Kisha huleta gundi, na gundi haimtii. Kwa sababu gundi ile huyeyusha plastiki, haiyeyushi rangi ikashikamana. Ikikuta rangi hulainisha ngozi yake ya juu tu, ikakauka, na kwa macho kazi huonekana imeshika. Lakini hakuna kilichoungana. Ndiyo maana karatasi husema Kwangua kabla ya kusema Gundisha: lazima uiondoe rangi yote mahali pa kuungania, mpaka plastiki ibaki uchi. Nyayo, kwa hiyo, hazipakwi kamwe. Hakuna atakayeziona. Zinaachwa uchi ili ardhi izipate.

Nilimgeuza mwanangu kichwa chini, nimembana kiunoni kwa kibano. Nyayo zake zilikuwa ndogo kama punje mbili za ulezi. Nilizitazama muda mrefu. Wazo halikunijia kama ujasiri. Lilinijia kama vile unavyomtazama mtoto aliyelala, ukaona blanketi limemtoka miguuni, ukalivuta. Nilichovya brashi kwenye rangi ya ngozi, nikazipaka nyayo. Zikakauka. Nikazipaka mkono wa pili.

Bi Sikitu aliacha kazi yake. Alisogeza kiti, akainamia sikio langu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama Kidawa, miguu haipakwi."

"Najua."

Aliitazama brashi yangu, akanitazama mimi, akaitazama tena brashi. Kisha aligeukia meza nyingine na kuanza kuwasimulia, kwa sauti ya kusikika mpaka uwanjani, jinsi mumewe alivyokwama dirishani akimkimbia nyuki, na kitambi kile cha puti kikawa ndicho kilichomwokoa asianguke upande wa pili. Watu walimgeukia yeye. Hakuna aliyenitazama mimi nilipomsimamisha mwanangu mbele ya mlango wetu wa plastiki, nikamgusisha gundi, nikangoja.

Ilipokamilika kazi ya mtaa ilifuata Siku ya Kuinamisha. Ubao huinuliwa upande mmoja mpaka nyumba zining'inie kama viota kwenye jabali, ili ijulikane kipi kimeshika. Siku hiyo mjini watu hukumbatia vizingiti na miguu ya vitanda, wanawake hufunga watoto migongoni, vyungu hutiwa majani makavu visivunjike. Nilikuwa nimesimama Ukumbini pamoja na wenzangu, na nilikuwa nyumbani nimeshika kizingiti. Niliziona paa kwa juu, na niliuona mchanga wa ua ukinipita ukielekea ukutani. Kidawa alikuwa mbele ya mlango, hakushika chochote. Alifungua mikono tu kidogo, kama mtu anayeingia mtoni.

Katika mtaa mzima, kilianguka kisanamu kimoja. Kilifanya sauti ndogo sana, kama punje ya mtama kwenye sinia.

Msimamizi wa Ukumbi alikuwa Bwana Haroub, mtu mpole, mwenye sauti ya wale wanaowasomea wagonjwa. Watoto wake walikuwa wametulia wote, na siku za pilau zao alitualika. Aliuteremsha ubao polepole, akaokota kilichoanguka, akakipeleka chini ya lenzi. Nyuma ya kioo kile jicho lake lilikuwa kubwa kuliko nyumba yangu. Alizitazama nyayo. Kisha akaliondoa jicho, akanitazama kwa macho yake ya kawaida, yaliyochoka.

Aliwaomba wengine watoke. Bi Sikitu alichelewa kutafuta kanga yake, akaitafuta tena pale alipokwisha kuitafuta, mpaka akaombwa kwa jina. Tulipobaki wawili, Bwana Haroub aliweka mbele yangu wembe wa kukwangulia, akaulaza kwa upande usiokata kunielekea mimi, kama anavyopewa kisu mtu unayemheshimu.

"Hili ni kosa la darasa la kwanza, Mama Kidawa," alisema. "Umesahau kukwangua. Kwangua, umsimamishe, tuendelee."

Alinipa neno lile kama zawadi. Niliona kwamba alikuwa ameliandaa njiani, kati ya lenzi na meza yangu, na kwamba halikumjia bure. Umesahau. Ndani ya neno hilo mlikuwa na nyumba nzima: Kidawa akirudi uani, pilau, vigelegele, bakuli la mchuzi linalopelekwa mlango wa pili, wajukuu ambao ningewakata mwenyewe. Ningekuwa mwanafunzi tu aliyekosea. Hakuna anayemlaumu mwanafunzi. Nikafikiri jinsi inavyokuwa rahisi kwetu sisi tuliochelewa kujua kusoma kuomba radhi kwa tusilolikosea. Tumefanya hivyo kwenye madirisha ya ofisi zote, tumesema sikuelewa, ilhali tulielewa vizuri kuliko tulivyotaka.

"Sikusahau," nikasema.

"Sema umesahau."

"Bwana Haroub, nimejifunza kusoma humu ndani. Neno kwangua nililiona, nikalisoma, nikalielewa. Sikulifanya."

Alikaa. Nadhani alikuwa hajawahi kukaa kwenye viti vyetu. Vilikuwa vifupi kwake, magoti yakapanda juu. Akaniuliza, bila ukali, kama najua kwamba asiye ubaoni hana wa kumpaka. Nikamwambia najua. Akaniuliza kama najua kwamba mimi mwenyewe sitashika brashi tena, wala sitaruhusiwa kuuona ubao, na siku watakaponiletea uzee sitakuwepo kuomba wanipunguzie. Hilo nalo nikalikubali. Kisha akauliza swali ambalo nilijua kwamba silo la msimamizi, bali la baba.

"Na kama huko nje hayupo?"

Nilimwambia tu lile nililoliona. "Basi nitamlilia. Lakini nimewaona mama wengi mjini humu wanaolilia watoto waliosimama mbele yao. Kilio hicho sikitaki."

Kwa desturi hakuweza kumkwangua Kidawa kwa mkono wake, kwa kuwa si mama yake. Aliushika wembe, akauchezea kidogo, akaurudisha mfukoni. Nikavua aproni, nikaikunja. Kisanamu alikiweka kiganjani mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, kama mtu anayefunga macho ya marehemu, au ya mtoto anayelazwa. Sikuuliza ni lipi kati ya hayo mawili.

Nilimkuta Kidawa uani anafagia mchanga ulioteremka. Mzigo wake ulikuwa tayari mlangoni, jozi za viatu zimefungwa kwa kamba. Nikampa kile nilichokuwa nacho. Alikiinua kwenye mwanga, akakizungusha, akakitazama chini, akaona.

"Pua umenipendelea," alisema hatimaye. "Hii si yangu."

"Ni ya bibi yako. Mkono ulikwenda wenyewe."

Tuliondoka pamoja. Tulipita kisimani, tukapita sokoni, na tayari baadhi ya watu hawakumwitikia salamu. Si kwa chuki, walimtazama kama mtu anavyotazama mahali alipoweka kitu akakikosa. Yeye aliendelea kuwaamkia mmoja mmoja. Tukafika mwisho wa mashamba ya mihogo. Hapo nikakumbuka kwamba sikufunga mlango. Nilijua kwamba nimeufunga. Nilikuwa na ufunguo mkononi, ukinichoma kwa kuubana. Hata hivyo miguu ilisimama, na kutoka kwenye nyayo mpaka kifuani nilihisi jinsi nilivyo kitu kimoja na ardhi ile, na jinsi mama yangu alivyoifanya kazi yake kwa ukamilifu.

Kidawa aliona. Hakunivuta. Alipiga magoti, akanishika vifundo vyote viwili kwa mikono yake ya ufundi viatu, akavishika kwa muda, kisha akainuka na kuniinamishia kichwa. Nikaweka mkono juu yake. Nikamwambia aende, Mungu amtangulie, asilale na njaa, asijibu maneno ya kila mpita njia. Nilimuaga mzima, ili asiache nusu nyuma. Ubao uliisha hatua chache mbele yetu. Akauvuka, akateremka.

Nilisimama nikimtazama. Alipofika mbali alikuwa wa kimo kilekile nilichompaka, pingili ya kidole gumba, na kwa muda ningeweza kumbana baina ya vidole viwili na kumrudisha mlangoni. Lakini hakusimama kwenye kipimo hicho. Alikipita. Akawa mdogo kuliko kisanamu, mdogo kuliko unywele wa brashi, na hakuna aliyekuwa akimpunguza. Alikuwa akitembea tu. Ndipo nilipofahamu kwamba kule aliko yeye ni mzima, kwa kimo chake chote, na vumbi linamrukia magotini, na anayepungua ni mimi: mimi, mihogo, mji, Ukumbi na ubao uliomo ndani yake. Nikainua mkono juu, nikaupunga kwa nguvu zangu zote, ili akigeuka aone kwamba yule mwanamke mdogo kule nyuma anatikisika.